Baba, Ulisema Nilipima Nguo

Baba,

Walikuzika Sirisia Ijumaa ile mvua ikinyesha, na mhubiri akasema ulikuwa mtu mpole asiyeinua sauti. Hilo la sauti ni kweli. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kaburini, viatu vimejaa matope, nikauma ulimi mpaka nikaonja damu. Marehemu hasemwi vibaya siku ya mazishi, nami mlinilea nikajua adabu, kwa hiyo nilingoja. Sasa watu wametawanyika, nimerudi Kitale, na nina mambo ya kukwambia ambayo safari hii huwezi kunikatiza kwa mkanda.

Ninaiandika wazi, aisome anayetaka. Uliyotufanyia uliyafanya mlango ukiwa umefungwa, na mimi nimechoka na milango.

Nianze na mazuri kwa sababu yalikuwepo, na nikiyaruka watu watasema nina chuki tupu. Studio yetu ya mtaa wa Tuwan, hapa Kitale, ilikuwa chumba cha mbele cha wateja, pazia la kijani, kisha chumba cha nyuma tulimolala sote watatu, wewe, Mama na mimi. Ukutani ulichora ndege ya abiria ikipaa juu ya ziwa. Jumapili baada ya kanisa watu walitoka hata Kibomet wakapanga foleni wapigwe picha kando ya ndege hiyo. Palikuwa na meza ya poda, kitana na kioo chenye ufa. Uliwainua watu kidevu kwa kidole kimoja, taratibu, "Tulia hapo, mama, usipumue kidogo," na wanawake wa watu walitoka pale wakisema wangepata mume mwenye sauti kama ile wangefunga na kushukuru.

Na ulinifundisha mwanga. Hilo hakuna wa kuninyang'anya, hata wewe. Nilikuwa na miaka tisa uliponivika shingoni ile kamera yako iliyonizidi umri, nzito kama tofali, ukaniambia nichungulie. Ndani, upande wa kulia, kulikuwa na sindano nyembamba ikipanda na kushuka. Ukasema hiyo ndiyo mita, inapima mwanga, na mita ni mjinga mwaminifu. Haimjui bibi arusi wala padri. Inaamini kila kitu duniani kina rangi ya vumbi. Ukiielekeza kwenye nguo nyeupe inaogopa, inakwambia ufunge lenzi, na aliyeivaa nguo hiyo anatoka mweusi kama chungu cha kuni. Ukiielekeza kwenye koti jeusi inakwambia ufungue, na mtu anaungua kwa mwanga. "Kwa hivyo usipime nguo, Nekesa. Pima ngozi."

Ngozi yenyewe ulinifundisha kuipima kwa kiganja. Nyuso za watu hazifanani, ulisema, Mbukusu ana yake, Mturkana ana yake, na Mhindi wa duka la vitambaa ana yake. Lakini ndani ya mkono Mungu ametupaka sote rangi inayokaribiana ili mpiga picha asihangaike. Weka kiganja pale uso ulipo, kwenye mwanga uleule. Sogeza kamera mpaka isione kitu kingine. Leta sindano katikati, halafu fungua lenzi hatua moja, maana kiganja kinang'aa kuliko vumbi. Na betri usiiamini. Zile za asili za kamera hiyo zilikuwa zimekwisha madukani, na hizi za fundi saa zilikuwa na nguvu kupita kiasi, zikaifanya sindano iongeze chumvi. Ulikuwa ukiteremsha kile kidude cha kasi ya filamu, mia mbili ukaisoma mia, na hesabu ikakaa sawa. Nilikuona mchawi. Nilikupenda sana, Baba, na ninaliandika hili kwa hasira.

Mtihani wako ulikuwa kukisia. Ulinisimamisha mlangoni, uani, chini ya mabati, ukaniuliza mwanga wa hapo ni ngapi kabla sijachungulia. Nikikosa kwa hatua moja ulicheka. Nikikosa kwa mbili nilinyoosha mkono, ukakichapa kiganja kilekile kwa mkanda wa kamera, ule wa ngozi wenye kishikizo cha chuma. Kishikizo kiliacha alama ya mviringo. Nilipofika miaka kumi na miwili nilikuwa sikosi tena, na ulijisifu kwa wateja kwamba binti yako ana mita kichwani. Hukuwaambia iliingiaje.

Nyuma ya pazia la kijani ulikuwa mtu mwingine. Au ulikuwa yuleyule, sijui, nimelifikiria hili mpaka limenichosha. Mama akizidisha chumvi, Mama akicheka na mteja, Mama akichelewa sokoni, ulifunga mlango kwa komeo, ukapandisha redio ikaimba tenzi, ukaanza. Ulimpiga kama nyoka. Ulikuwa ukimpiga kimya, bila hata tusi, ukihema tu kama mtu anayepasua kuni, na Mama naye akajifunza kupigwa kimya ili majirani wasipate cha kusema. Majirani walikuwa wanajua. Nao walipandisha redio zao. Asubuhi ulifungua studio, ukapanga poda, "Tulia hapo, mama, inua kidevu."

Sasa nifike siku yenyewe. Nilikuwa kidato cha tatu, likizo ya Agosti. Ulikuwa umeenda Bungoma kupiga picha za arusi na Mama akamfungulia mteja, mwalimu mmoja mzee aliyekuja kuchukua picha zake za pasipoti, akamkalisha kwenye benchi kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Ulirudi kuchukua filamu zaidi ukamkuta ameketi. Ulimsalimia vizuri, ukampa bahasha yake, ukamsindikiza mpaka barabarani na mwavuli. Kisha ukarudi, ukafunga komeo. Ulimshika Mama kisogoni ukampigisha uso kwenye ukingo wa meza ya poda, mara tatu, na poda ikaruka ikatujaa sote. Alipoanguka ulimpandia kifuani ukamkaba. Mimi nilikupiga kwa ndoo, Baba. Nilikupiga kwa nguvu zangu zote na nilitaka ufe. Ulinirusha mlangoni, na jino la mbele, lililoniachia hili pengo ninaloficha nikicheka, lilibaki pale kizingitini. Halafu ulinawa, ukabadilisha shati, ukarudi Bungoma kumalizia arusi yako ya watu. Haraka zako zilikufanya uiache ile kamera ya zamani imetundikwa kwenye msumari.

Mama alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda. Nikamwambia safari hii tutaenda Sirisia kwa wazee wa ukoo wako, na tutaenda na ushahidi. Alijishika ukingo wa kitanda akasimama. Kisha akasema, "Ngoja nivae."

"Mama, kaa tu hivyo hivyo."

"Si picha ni picha. Siwezi onekana na wazee kama mtu ametoka kuchimba viazi."

Basi akavaa gauni lake jeupe la chama cha akina mama kanisani, na kitambaa cheupe kichwani, akinyoosha mikunjo kwa vidole vilivyovimba. Ni sisi tu watu wa kufanya hivyo, kuvaa vizuri tukapige picha ya aibu yetu. Nilimkatalia poda. Hapo alitii.

Nilimweka karibu na mlango wa nyuma, mwanga ukimjia ubavuni ili uvimbe uonekane. Nilijua gauni lile litaniharibia. Sauti yako ilikuwa masikioni mwangu ikinifundisha, mate yangu yakiwa na damu uliyoitoa wewe. Niliteremsha kidude cha filamu. Niliweka kiganja kando ya shavu la Mama, kwenye mwanga uleule, nikasogeza kamera, nikaleta sindano katikati, nikafungua hatua moja. Niliegemeza kiwiko kwenye goti ili kamera itulie. Nikapiga tatu. Mama hakulia. Aliinua kidevu mwenyewe, bila kuambiwa.

Wazee wako hawakuwa na haraka. Walisema mpaka mahindi yavunwe, na kikao kikakaa wiki nyingi baadaye, Mama akiwa amepona usoni kabisa. Ngozi yetu husahau upesi. Filamu niliipeleka kusafishwa kwenye duka la mashine mjini, na picha nilizichukua asubuhi ya siku yenyewe tukiwa njiani, sikuzitazama kwa sababu bahasha ilikuwa imegundishwa nami niliogopa kuzichafua njiani. Mama alikuwa anataka kitu kimoja tu. Alitaka wazee waseme mbele ya watu kwamba anaweza kukaa Tuwan peke yake na mimi, na wewe urudi Sirisia, bila yeye kuitwa mke aliyetoroka. Kwa hilo alihitaji waone.

Mliketi saba sebuleni kwa Baba Mkubwa, kaka yako, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma. Mama alieleza. Walimtazama uso, laini, hauna kovu.

"Sisi tunaona mama yuko sawa," mmoja akasema.

"Picha iko," nikasema.

Nikaipasua bahasha nikawapa. Ilipita mkono kwa mkono na nikaona nyuso zao zikikunjana. Baba Mkubwa aliivulia miwani na kuivalia tena. "Hii ni giza tu, bana. Ata pua sioni."

"Ama arikuwa amezimiwa taa?" mwingine akasema, na wakacheka kidogo, si kwa ubaya, kama wanavyocheka wazee wanaongoja chai.

Niliichukua nikaitazama. Gauni la Mama lilikuwa la kijivu, la rangi ya vumbi hasa, na juu yake palikuwa na tundu jeusi badala ya uso. Zote tatu vilevile. Ndipo wakakugeukia wewe, mshtakiwa, kwa kuwa katika ukoo mzima ndiwe uliyekuwa unajua picha. Fikiria hilo. Walimwomba mwizi awasomee alama za miguu yake.

Ulinyoosha mkono ukaniomba na negativu, ule ukanda wa filamu wenyewe. Nilikupa. Ulikwenda dirishani ukauinua ule ukanda kwenye mwanga na ukautazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka chai ikaletwa. Mimi nilikuwa sijui kusoma negativu. Hiyo ilikuwa kazi yako, hukupenda niguse. Kisha ukageuka, na kwa ile sauti ya wateja ukasema, "Umepima nguo, Nekesa. Si nilikwambia?" Ukautia ukanda kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Nilikuamini. Kwa jambo lolote lingine ningekutemea mate, lakini katika mwanga wewe ulikuwa hukosei.

Walikutoza kondoo kwa sababu ya mkono mwepesi, wakamwambia Mama arudi nyumbani akatunze mji wake. Alifunga kitambaa upya, akawashukuru kwa chai.

Miezi miwili baadaye ulichukua stendi ya kamera, ile ya chuma ya miguu mitatu, ukampiga nayo usoni. Sisemi alikuwa amefanya nini kwa sababu hakuwa amefanya kitu. Niliporudi kutoka dukani nilimkuta amekaa kwenye benchi la wateja, chini ya ndege yako, ameshika kiganja kwenye jicho la kushoto, na vitu vinapita katikati ya vidole. Aliniambia nisitazame. Nilitazama. Hospitalini walisema jicho halipo la kuokoa.

Wajomba zangu walikuja kutoka Kimilili kesho yake, watatu, ndugu za Mama. Hawakuita kikao. Walikutoa chini ya kitanda kwa miguu. Walivunja kioo, walivunja taa, walimwaga dawa zako za kusafishia picha, kisha wakakulaza kifudifudi mlangoni, wakauweka mkono wako wa kulia juu ya kizingiti, na mjomba mdogo akakanyaga vidole kwa kisigino, kimoja kimoja, vile vidole vya kuinulia watu kidevu. Ulilia kwa sauti. Ndiyo mara ya kwanza niliisikia. Nilikuwa nimesimama hapo na sikuwaambia waache, na nikikwambia nilisikitika nitakuwa nakudanganya. Nilifurahi. Nilitaka wapande mpaka shingoni.

Ulikimbilia Sirisia na hukukanyaga tena Kitale. Sisi tulibaki Tuwan, na majirani wakaanza kutusalimia kwa huruma ambayo ingetufaa zaidi mapema. Lakini mimi nilibaki na lako moja, lile ulilolisema dirishani. Nililala nalo na kuamka nalo. Kama ningepima ngozi wazee wangeona, na kama wangeona, Mama asingerudi kwako, na jicho lingekuwepo. Hesabu ilikuwa fupi na ilikuwa inaniangukia mimi. Wewe ulikuwa mnyama, na mnyama hufanya ya mnyama. Mimi nilikuwa nimefundishwa. Na jinsi akili ilivyo kitu cha ajabu, baada ya miaka kadhaa nilianza kuikumbuka siku ile vingine. Nilijiona kabisa nikielekeza kamera kwenye gauni. Kile kiganja kando ya shavu kikafutika. Nilikuwa na hakika ya kosa ambalo sikumbuki nikilifanya ila kwa maneno yako.

Nikawa mpiga picha. Ningekuwa nani? Nina studio yangu hapa mjini, nina kamera hizi za kisasa zinazojipimia zenyewe, lakini bado ninatembea na mita ya mkononi na ninapima mara tatu. Mabibi arusi wananichoka. "Auntie, si upige tu, jua linaenda." Nikimpeleka Mama kanisani natembea upande wake wa kushoto, upande wa jicho lililofungwa, kila Jumapili, ili nimwone anayekuja ambaye yeye hamwoni.

Siku hizi vijana wamezirudia kamera za filamu. Wanazitoa kwenye masanduku ya babu zao na wanakuja kwangu kuuliza zinapimaje. Mwaka jana alikuja msichana wa Kibomet, Chebet, mwerevu, mcheshi. "Sasa, madam. Hii mita ya babu bado inasoma ama imekufa?" Nikamfundisha yote, kwa maneno yako, kwa sauti yako. Nikamweka rafiki yake mlangoni, amevaa blauzi nyeupe, nikamwambia apime. Akaielekeza kamera kwenye blauzi.

Sijui mkanda wa kamera ulifikaje mkononi mwangu. Nilimchapa kiganjani, na kishikizo kikaacha alama ya mviringo. Alinitazama, na ninaujua mtazamo ule kwa ndani, nimewahi kumtazama nao mtu. Nilimwomba radhi mpaka nikapiga magoti. Aliichukua kamera ya babu yake akaenda, na hakurudi, na alifanya vyema. Usiku huo nilimwambia Mungu kwamba kama ni urithi huu tu ulioniachia, basi na aunyaushe mkono wangu.

Hayo ndiyo niliyokuja nayo kwenye mazishi yako. Watu walipoanza kuondoka, Baba Mkubwa, sasa mzee wa mkongojo, aliniita chumbani kwako akanionyesha sanduku la bati. "Hii arisema ni yako. Sisi hatujafungua."

Kamera ilikuwepo, imefungwa kwenye shuka. Chini yake zilikuwepo bahasha, mamia, picha za kila mtu uliyewahi kumwinua kidevu. Nilikuwa nimesahau mazoea yako. Ulikuwa hutupi negativu hata moja, na juu ya kila bahasha uliandika kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu, jina la mteja na neno moja. Sawa, au Kosa. Ulikuwa mkali hata kwa kazi yako mwenyewe, kosa zilikuwa nyingi. Nikapekua mpaka nikaikuta moja nyembamba, imechakaa kwenye mikunjo kwa kufunguliwa mara nyingi. Jina la Mama. Chini yake, kwa wino uleule mwekundu, Sawa.

Niliutoa ukanda nikauinua dirishani. Siku hizi ninajua kusoma. Kwenye negativu nyeupe huwa nyeusi na nyeusi huwa nyeupe, kwa hiyo gauni lilikuwa jeusi zito, na uso wa Mama ulikuwa wazi, umejaa, hakuna kilichopotea. Jicho lililofumba kwa uvimbe. Mdomo uliopasuka. Shingoni, vidole vyako, vinne upande mmoja na kimoja upande wa pili. Nilikuwa nimepima sawasawa. Aliyepima nguo ni ile mashine ya mjini. Nayo ilikuwa na mita yake, mjinga kama zote. Ilipokuwa inatoa picha iliona weupe umejaa, ikaongeza giza mpaka gauni likawa vumbi na Mama akazama nalo. Picha ilikuwa ya kosa na negativu ilikuwa ya haki, na mtu mmoja tu katika sebule ile alijua kuzitofautisha. Ungesema, "Warudieni wasafishe upya." Maneno matatu, Baba, na Mama angekuwa na macho mawili.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilifika mpaka kaburini bila kukatika. Nimejiuliza kwa nini hukuuchoma ukanda ule. Nimejiuliza ulikuwa ukiifungua bahasha ile kwa toba au kwa kujisifu binti yako alivyopima vizuri, na sioni lipi lingenikasirisha zaidi. Nilitoka nje, nikasimama juu ya udongo wako mbichi, nikaupiga teke. Baba Mkubwa aliniona na akageuka kutazama migomba.

Niliisafisha mwenyewe hapa studio, kubwa, inchi kumi na mbili kwa kumi na sita. Jana nilimpelekea Mama. Aliisogeza karibu na jicho lake zima, akaitazama polepole kutoka juu hadi chini, kama anayemkagua mtoto wa mtu mwingine.

"Kumbe hivi ndivyo nilikuwa," akasema.

Nikamweleza yote. Mashine, dirisha, bahasha, na lile jambo nililolibeba. Nililia vibaya, kamasi na yote, mtu mzima kama mimi. Alinisubiri nimalize.

"Miaka yote unatembea upande wangu wa jicho bovu. Mimi nilidhani ni heshima tu." Akaniwekea mkono kichwani. "Hakuna siku nilifikiri ni wewe. Si ni yeye alikuwa ameshika stendi?"

Sijakusamehe na sijui kama nitakusamehe, ila sikubebei tena.

Jambo la mwisho. Wazee wa ukoo wako wametuma habari kwamba Jumamosi wanakuja Tuwan. Ng'ombe wa mahari hawakurudishwa, kwa hiyo kwa mila Mama bado ni mke wako, na wanataka arudi Sirisia akakae kwenye boma lako kama mjane mwenye heshima. Mama alipoisikia aliuliza, "Wale walikuwa siku ile, wamebaki wangapi?"

"Watatu, Mama."

Akaichukua picha, akaipima kwa macho, au niseme kwa jicho, kwenye ukuta ulio mkabala na dirisha, pale mwanga unapoingia vizuri zaidi asubuhi. Akaniambia nilete nyundo na msumari.

"Na viti vyao," akasema, "panga vitatu, viangalie hapo."

Lala huko ulikolazwa, Baba. Sisi tunajiandaa kupokea wageni.

Ni mimi,
Binti yako wa pekee